Mlango wa Nyuma ya Kabati

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo? Kazi huko ughaibuni inaendaje, na kile kifua kimepona? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo uko salama kabisa. Leo kanigombeza kabla hata sijanawa uso.

Habari kubwa ni mtandao wetu wa ushirika. Unakumbuka manispaa walitoa mabomba ya kupitishia nyaya za intaneti, sisi wa mtaani tukachimba mtaro wenyewe mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mitambo ikawekwa humu chumba cha mbele, pembeni ya cherehani yangu. Sasa kuna kampuni inataka kupitisha waya wake ndani ya mabomba hayohayo. Manispaa wanashangilia: barabara haitachimbuliwa tena, na zahanati itapata intaneti bure. Sawa, lakini vyaelea vimeundwa, na waliounda ni sisi.

Kuchangia bomba mimi sina neno, bomba ni pana. Shida ni hiki chumba. Wanataka mitambo yao nayo ikae humu, ufunguo washike wao, mimi na cherehani yangu tuhame. Kaka, humu ndimo ninamopata riziki. Na siku wakiamua kuuzima mtandao wa ushirika, nani atawazuia, ikiwa hata mlango hatuwezi kuufungua?

Juzi alikuja bwana mmoja wa kampuni, mtu wa kucheka kabla hajachekeshwa. Alikaa sebuleni nami na Mama, akanywa chai, chumba cha mbele hakukikanyaga. Wakati wa kuaga akasema, "Mafundi wetu hawatakusumbua, Mama. Watapita ule mlango wa uchochoroni."

Weee! Machale yakanicheza hapohapo. Mlango ule wa humu chumba cha mbele marehemu Baba aliupigilia misumari wewe ukiwa kidato cha kwanza, kwa nje akaupiga plasta, kwa ndani akausimamishia kabati. Anayeujua ni Mama, mimi na wewe. Mama hakumwambia, nilikuwepo muda wote. Mimi sikumwambia. Kikulacho ki nguoni mwako, Kaka, na nguo zenyewe hapa ni tatu tu.

Mama yeye kafurahi, eti kijana ana adabu utadhani kalelewa humu. Nimeumia, sikufichi.

Ijumaa ushirika unapiga kura. Nitasimama niseme: bomba tugawane, ufunguo hapana. Lakini nyumba iko kwa jina lako. Wakiniuliza kama mwenye nyumba kakubali, nitajibu nini? Nipigie kabla ya siku hiyo. Kama walikuahidi kitu ukakubali, niambie kwa kinywa chako. Nitafoka, nitalia, halafu yataisha. Nisichokiweza ni kuyasikia kwa yule bwana, mbele ya mtaa mzima, Mama akiwa amekaa kiti cha mbele anampigia makofi.

Nisalimie sana wifi na wale mapacha. Shangazi anakusalimu, na mjomba fundi viatu anauliza saizi ya mguu wako.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na akupe moyo wa kushika simu.

Mimi mdogo wako, nikupendaye huku nimefumbua macho yote mawili.