Faili Lililofunguliwa na Wawili

Maskati, Ijumaa

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Goti lako lasemaje na baridi hii ya kusi? Mimi mwili mzima, ila nimechoka, Mama. Simu zako nimezikwepa makusudi, maana ungeisikia tu sauti yangu ungejua. Ndiyo nikaandika.

Wajua kazi yangu hapa ni kutunga programu ambayo wauguzi hufungulia mafaili ya wagonjwa. Wiki iliyopita muuguzi mmoja, Rosa, aliandika kwamba bibi fulani hapatani na dawa moja ya sindano. Wakati uleule daktari alikuwa amelifungua faili hilohilo kwenye kompyuta nyingine. Alipohifadhi maandishi yake, ya Rosa yakafutika. Bibi akadungwa dawa ile, koo likamvimba. Alhamdulillahi, alipona, kwa tabu.

Wakubwa wakasema Rosa ni mzembe, hakuandika kitu, arudishwe kwao. Nilimkuta stoo analia. "Niliandika," akaniambia, "Mungu ni shahidi."

Nikapekua kazi yangu siku tatu. Kosa ni langu. Ni kama choo chetu cha uani: leso ikiwa juu ya mlango, haingii mtu. Programu nayo yapaswa kutundika alama, wa pili angoje. Mimi niliiandika ichungulie kwanza kama pana alama, ndipo itundike yake. Wawili wakachungulia pamoja, wote wakaona hapana mtu, wote wakaingia. Mwenye nia mbaya angeujua mwanya ule, angefuta habari za mgonjwa yeyote atakaye.

Mwenzangu wa meza ya pili akaninong'oneza, "Ziba kimyakimya, nani atajua?" Nilishawishika, nisikufiche. Jana nikaenda kwa mkubwa wangu nikasema yote. Rosa amerudi wodini. Mimi likizo imefutwa mpaka nikague programu nzima upya.

Kwa hivyo harusini kwa Zuhura sitakuwapo. Nami nilimwahidi kwamba nitamsinga, nimpake liwa yenye kunukia kwa mikono yangu, mdogo wangu wa pekee. Naumia, Mama.

Nisalimie Baba, shangazi wa Shela, na mjomba wa duka la vitambaa.

Zuhura mwambie nimekosa ndege.

La, usimwambie hivyo. Mpe barua hii aisome mwenyewe, hata akinuna. Na ukishaisoma nipigie, nitapokea.

Mwanao,
Mwanaisha