Jibu la Kerengende Nililokuficha

Hooyo, mama yangu uliyetangulia,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyouzia maziwa ya ngamia pale sokoni Garissa. "Onja kwanza, kama iko baya rudisha," uliwaambia wateja, na sikumbuki aliyewahi kurudisha. Kwa Kisomali maneno haya yamenishinda. Nikiyaanza tu nasikia sauti yako, nalia kabla sijafika popote.

Unakumbuka tulivyoshuka mtoni kwenye mashamba ya ndizi, mimi nikiwakimbiza kerengende juu ya mifereji? Mvua ilipokaribia walijaa uani kwetu, nawe ukasema, "Mvua imetuma watu wake." Nikimkamata mmoja kwa mkia uliniambia nimwachilie, ana safari. Nilikwenda chuo kikuu kuwasomea hao hao. Aabo aliwaambia watu kwamba nasomea udaktari wa mifugo, maana aliona aibu binti yake kusoma wadudu. Wewe ulimwambia ukweli kila mteja, hata asiyeuliza.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Ilikuwa likizo yangu ya mwaka wa tatu. Ulikuwa mkekani ukifukiza vibuyu vya maziwa, na eddo, dada yake Aabo, anakunywa chai. Tulikuwa wasichana watano katika nyumba ile. Eddo alisema, bila hata kushusha sauti, kwamba tumbo lako halijui kubeba mwana wa kiume, ndugu yake atafute mke mwingine. Aabo alikuwa mlangoni, anasikia. Uliweka kibuyu chini ukanitazama. "Hooyo," uliniita, jinsi mama zetu wa Kisomali wanavyomwita mtoto kwa jina la mama mwenyewe, "wewe umesoma. Ni mimi?"

Nilijua. Wallahi nilijua. Majuma machache kabla ya hapo nilikuwa nimeinamia hadubini nikiangalia kromosomu za kerengende. Jike ana X mbili. Dume ana X moja tu, haina mwenzake. Kwa hiyo kila yai hubeba X, lakini mbegu za dume nusu zinayo na nusu hazina. Yenye X huleta jike, isiyo nayo huleta dume. Mwalimu alitueleza kwamba X hiyo ni ya kale mno, na kwamba katika aina chache za kerengende imeungana na kromosomu nyingine ya kawaida, na pacha wa hiyo aliyebaki nje akawa Y mpya. Mengi yamebadilika kwao, lakini hata hapo anayeamua ni mbegu ya baba. Ndivyo ilivyo kwetu binadamu pia.

Sentensi moja ingetosha. Nikasema, "Sisi tunasoma wadudu tu, Hooyo. Hayo anajua Mungu."

Nilijidanganya kwamba ni haya, kwamba msichana hataji mbegu mbele ya baba yake. Si kweli. Muhula ulikuwa unaanza Jumatatu, na niliogopa Aabo atasema chuo kimeniharibu, niketi nyumbani. Nilikiokoa chuo nikakuacha wewe. Ulirudi kwenye kibuyu chako na hukuuliza tena. Mwaka haujaisha, Aabo akaoa msichana wa Eldas, Habiba. Ulimpokea vizuri. Ila tangu hapo ulianza kuomba msamaha kwa kila kitu: chai ikipoa, mbuzi akipotea, hata mvua ikichelewa. Kila ulipoomba msamaha nilitazama pembeni.

Mwaka jana tulikuzika. Mwezi uliopita Habiba alijifungua binti wa tatu, na eddo akaja kunywa chai na maneno yale yale. Habiba, ambaye ni mdogo kwangu, aliinamisha kichwa kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Safari hii nilisema. Nilichukua kijiti nikachora mchangani, X mbili huku, X moja kule. Nikaeleza kerengende kwanza, kisha watu, Aabo akiwa ameketi hapo hapo. Eddo aliondoka akisema astaghfirullah njia nzima. Habiba alimkumbatia mtoto wake na kulia.

Aabo aliutazama mchoro muda mrefu. Hakukasirika, Hooyo. Kile nilichokiogopa miaka yote hakikutokea. Aliuliza tu, "Ulijua tangu lini?"

Nikamwambia.

Alivua kofia yake akaiweka gotini. "Basi sisi wawili tulimdhulumu mama yako," alisema, kisha akaenda kutia udhu.

Allah akurehemu na akulipe kwa subira yako. Siwezi kukuomba unisamehe mahali ambapo huwezi kunikatalia. Tangu jana kerengende wamejaa uani, juu ya pale ulipozoea kutandika mkeka, nami nimetoka nikakaa hapo kukujibu.

Si wewe, Hooyo. Haikuwa wewe hata siku moja.

Ni mimi, yule uliyemwita hooyo akanyamaza.