Sahihi za Bustanini

Jumatatu, 3 Machi
Mazoezini leo tumefika kumi na tisa. Nimewapanga kwenye uwanja wa netiboli wa bustani ya mtaa, nikapitisha karatasi kama kawaida – jina, namba ya nyumba, sahihi. Wenzangu wananicheka: mwalimu kastaafu lakini kuita majina hajastaafu! Wacheke. Bila karatasi hawaji.

Ila kuna vigingi vinne vimepigwa karibu na bembea, vimepakwa rangi nyekundu. Nimemuuliza mtunza bustani. Eti hajui. Yeye anayejua hata jani lililodondoka jana! Ananificha kitu.

Jumatano, 5 Machi
Vigingi sasa kumi na moja. Vimepita katikati ya uwanja wetu! Na ukumbi wa bustani una kufuli jipya. Wazee wa drafti wamekaa nje na mbao zao, wamenuna. Mtunza bustani aliponiona akageuka, akajifanya anamwagilia maua. Mpira wa maji hautoi hata tone. Nimeuona kwa macho yangu.

Jioni shemeji, mdogo wake mume wangu, kapitia karatasi. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya bustani. Kila wiki anazichukua, anasema zinaingia kwenye faili ili wakubwa wajue bustani inatumika. Nikamwambia wasiwasi wangu, kwamba mtunza bustani anatuuza kisirisiri. Akasema shemeji, huyo mtu mwangalie sana. Mume wangu akaitikia, macho kwenye redio yake. Afadhali wananielewa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemvizia. Mtu mzima mimi, najificha nyuma ya choo cha bustani! Kang'oa kigingi, akakitazama, akakirudisha palepale. Msaliti gani huyu? Sielewi.

Goti linauma. Daktari alisema nisipolitembeza litakaza kabisa, ndiyo maana nikaanzisha mazoezi. Mtaa mzima hakuna pengine palipo tambarare. Wakipachukua pale, mimi ni wa kitandani. Naogopa, basi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemvaa mbele ya watu. Nimemwita msaliti, tena kwa sauti ya darasani. Yeye akavua glavu, akaingia stoo ya majembe, akatoka na barua. Kapewa notisi – mwisho wa mwezi hana kazi. Bustani inafungwa, panajengwa maduka. Na kaonywa, akifungua mdomo anaondoka siku hiyohiyo.

Aibu! Masikio yaliniwaka moto. Nimemuomba radhi. Akasema, "Mama, mimi nilidhani unajua. Si wenyewe mmekubali?"

Nani kakubali?

"Wakazi. Majina yamebandikwa ofisini kwa kamati. Lako la kwanza."

Jumatatu, 10 Machi
Baada ya mazoezi nimekwenda ofisini. Nimeyaona. Karatasi zangu! Mistari niliyopiga kwa rula, wino wangu wa kijani. Na juu, pale ninapoacha wazi, wamepiga chapa: WAKAZI WALIORIDHIA BUSTANI KUFUNGWA.

Sikuwahi kuandika kichwa. Niliona cha nini, kila mtu si anajua ni karatasi ya mazoezi? Miaka thelathini na mmoja nimewakata watoto maksi kwa kusahau kichwa cha habari!

Kumbe ni shemeji. Na chai yangu anakunywa. Nimemwandama mtu wa watu bure, na mwizi namkaribisha kiti.

Nikasoma majina kwa kidole. Jirani wa nyumba ya kona. Shoga yangu fundi cherehani. Wote wa mazoezini, wote nimewasainisha kwa mkono wangu. Nitawatazamaje? Nikafika karatasi ya mwisho, mstari wa chini kabisa. Mume wangu. Sahihi yake yenyewe, na ule mkia wake mrefu.

Mume wangu hajakanyaga mazoezini hata siku moja.

Sasa hivi wako sebuleni, ndugu wawili, wanacheka. Nimejifungia chumbani na karatasi ya leo, sahihi ishirini na mbili. Mume wangu anaita: mama watoto, mpe shemejio karatasi, ana haraka. Nimejibu naitafuta. Kicheko kimekatika. Nasikia ndala zake koridoni. Karatasi nimeikalia. Anagonga – mlango wa chumba chake mwenyewe, anagonga! Anauliza, kwa upole ambao sijausikia mwaka mzima, eti naandika nini –