Viti vya Peugeot ya Mzee Nyabuto

Linda, uko? Nimetoka kwa kina Mogire sasa hivi.

Unaikumbuka ile Peugeot ya marehemu baba yake, iliyofungiwa kwa stoo tangu mzee afariki? Mogire ameifufua! Mama yake alipoenda Nakuru kwa binti yake, yeye akaivuta hadi kwa fundi Sabir, Kisii mjini.

Leo mama amerudi, Mogire akaiwasha hapo uani. Ikanguruma! Majirani tukapiga vigelegele. Mama mwenyewe akacheka, akaingia, akaketi.

Akapapasa kiti, halafu akainama akakinusa, Linda, mbele yetu sote.

"Viti viko wapi?"

Mogire akadhani anasifiwa. "Hivi ni vipya, Mama. Ngozi safi."

"Nauliza vile vya baba yako."

"Vilikuwa vimeoza, Mama. Sabir alivichoma."

Alivichoma, Linda! Kumbe kila Sabato akitoka kanisani, mama alikuwa anaingia stoo na kukaa kwenye kile kiti, kwa sababu harufu ya mzee ilikuwa bado imo. Hakuwahi kumwambia mtu.

Mogire akapiga magoti kwenye matope, mwanaume mzima, analia. "Mama, sikujua."

Mama akamshika kichwa. "Najua hukujua."

Kisha akashuka, akafunga mlango polepole.

"Imekuwa gari nzuri, mwanangu. Sasa mnaweza kuiuza."