Wimbo Anaoupenda Mama

Chumba cha juu, dukani kwa mama
Jumapili, alasiri

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado unapanda ngazi huku ukizigombeza? Na baba mdogo ameacha kukohoa, au ameacha tu kukubali kwamba anakohoa? Sisi huku hatujambo. Mwili wangu mzima, kichwa ndicho sikielewi.

Unamkumbuka Gitaa, yule kijana ambaye mama alimkataza kukanyaga kizingiti chetu? Sasa anaimba redioni. Ni wimbo wa kantri, wa taratibu, gitaa likiburuza kama mtu anayekokota sanduku. Anaeleza alivyomngoja mpenzi wake stesheni, viatu vipya vikimbana, treni ikaja, ikaondoka, na msichana hakutokea.

Msichana huyo ni mimi. Mama hajui. Hata sauti hakuitambua, na wimbo wenyewe umemkaa rohoni. Ukipigwa tu, anasimamisha cherehani.

"Huyo binti ana jiwe kifuani," alisema juzi, akijifuta machozi kwa kipande cha bitana. "Ningekuwa mama yake!"

"Wenzetu wanangojwa, mama," akadakia mshona vifungo. "Mimi hata basi halinisubiri!"

Wakacheka. Nami nikacheka, pini zikiwa mdomoni.

Lakini mimi nakumbuka tulikwenda stesheni siku ile, Mama Mdogo. Wewe ulishika mkono mmoja wa begi, mimi mwingine. Treni ilikuwa bado, na mfagiaji akatuambia hajaona kijana yeyote. Ndivyo nilivyokumbuka miaka yote. Tangu wimbo huu uanze, nikifumba macho najiona nimekaa kitandani, begi liko miguuni, wala sinyanyuki. Naona hata rangi ya shuka.

Kazini, maabarani, napima damu za watu na kuandika bila kusita: ipo, haipo. Hili limenishinda. Je, tulifika kweli?

Kibaya zaidi, jana niliusikiliza peke yangu, nikamlilia yule kijana wa stesheni. Nikamwonea huruma hasa. Ila yule niliyempenda mimi hakuwahi kumngoja mtu hata kwa muda wa chai kupoa.

Jumamosi anaimba katika ukumbi wa mjini. Mama ameshanunua tiketi, yake na yangu, na gauni ameshanikatia. Najua jibu lako halitawahi. Basi nitakaa kando yake, na Gitaa akifika kwenye ubeti wa stesheni nitamtazama usoni. Sitafuti kujua kama bado ananipenda. Nataka kuona kama anayaamini anayoyaimba. Akiyaamini, sijui kama nitamwambia mama yule binti ni nani, au nitalia naye tu.

Ukijibu, tumia anwani ya kazini, tafadhali.

Nisalimie baba mdogo, wale pacha watundu, na bibi wa ghorofa ya chini aliyenifundisha karata. Mungu awalaze kwa amani na awaamshe bila maumivu.

Ni mimi nikupendaye, hata nisipojielewa,

Mwanao, Kimya