Kichwa, Ndevu, Nyuma Wazi

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Ya kwanza bila Mama. Nilioka paja la nguruwe kama alivyokuwa akifanya, likatoka kavu kama soli. Baba akala vipande viwili akasema limeiva vizuri. Mwongo wa huruma!

Ila leo aliinuka mwenyewe kwenye kile kiti chake mbele ya televisheni. Tangu tumzike Mama mwezi wa pili, Baba ameishi humo, na televisheni hata haiwashwi. Leo akaishusha bunduki kutoka juu ya mlango, ile ya kukunja, ya risasi moja, akaanza kuipaka mafuta. Kesho msimu wa bata mzinga unafunguliwa. Nilisimama jikoni nikimsikia anapiga mluzi. Nililia kidogo juu ya viazi.

Jioni Coy Maddux akapita, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Wamewinda pamoja tangu wakiwa na nywele.

"Verlon, mwaka huu tuachie hata mmoja, ndugu yangu."

"Bata wako wanakufa kwa kicheko wakisikia unavyowaita," Baba akamjibu.

Coy alipiga chafya njia nzima mpaka kwenye pikapu yake. Mialoni imeanza kutoa maua na yeye hayawezi.

Jumatatu, 21 Aprili

Tulikaa chini ya mwaloni uliopigwa radi kabla mwanga haujatoka. Nikamwekea risasi. Bunduki yetu haijazwi mpaka mtu ameshakaa na mgongo umegusa mti, hiyo ni sheria ya Baba, si ya serikali. Siku hizi namjazia mimi, vidole vyake vimevimba.

Sheria yake nyingine ni yale maneno. Nimeyajua kabla ya sala. Kabla hujavuta nyundo ya bunduki nyuma, unamnong'oneza aliye pembeni yako: Kichwa. Ndevu. Nyuma wazi. Kichwa, kwa sababu unapiga kichwa na shingo tu, mnyama asiteseke. Ndevu, zile nywele zinazoning'inia kifuani, kwa sababu wakati huu majike yanaatamia na ni marufuku kuyagusa. Nyuma wazi, pasiwe na kitu nyuma ya ndege, kwa sababu marisau, zile chembe za risasi, hayaishii pale unapotaka wewe. Usiposema yote matatu, hupigi. Coy humcheka, anasema Baba anamsomea bata misa.

Baba akakwaruza kisanduku chake cha kuitia, kikalia kama jike mwenye upweke. Dume akajibu kule juu. Akaja! Mkia ameutandaza, kichwa chekundu na cheupe na buluu, anatamba kama bwana harusi.

"Kichwa," Baba akanong'ona. "Ndevu. Nyuma wazi."

"Baba, majike mawili nyuma yake."

Akaishusha bunduki.

"Nilikuwa nakupima," akasema.

Tukawaacha wakaenda zao. Baba alifurahi siku nzima. Asubuhi alikuwa amemimina kahawa nje ya kikombe, akadai nimekisogeza.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Kupe wawili kwenye goti. Zamu ya jioni kule nyumba ya wazee ninakofua, mashuka, mashuka. Baba alikuwa macho nikirudi, anataka kujua kama upepo umegeuka.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimeshika kalamu mara tatu nikaiweka. Niandike hivyohivyo.

Tulikuwa palepale kwenye mwaloni. Baba aliita, hakujibiwa. Akaita tena. Kisha upande wa bwawa kitu kikasogea nyuma ya vichaka. Kwangu kilizibwa na shina. Baba alikuwa na nafasi nzuri kuliko mimi.

"Kichwa," akasema. Ametulia kabisa, sauti ileile ya miaka yote. "Ndevu. Nyuma wazi."

Akavuta nyundo.

Sijui kilichonifanya niiname. Niliinama nikaona upara mweupe na leso nyekundu. Coy. Alikuwa anafuta pua.

Nilitia kiganja juu ya mtutu nikausukuma chini mpaka kwenye majani. Haikulipuka. Mungu wangu, haikulipuka. Coy hakusikia chochote, akageuka akashuka bondeni na chafya zake. Mimi bado nimeukandamiza mtutu.

"Umenipotezea dume, Nedra!" Baba alikuwa mwekundu kwa hasira. "Ndevu ndefu namna ile! Una wazimu?"

Ndevu ndefu. Aliziona. Ningeapishwa leo, ningesema Baba hakudanganya, aliziona kweli.

Ndipo nikaelewa ile kahawa. Na Jumatatu. Hakuwa ananipima. Yale matatu hayaoni tena, anayasema tu. Maneno yaliyowekwa ili mtu asife, yamebaki kinywani peke yake, macho yameshaondoka.

Sikumwambia. Nilisema nilihisi nyoka. Usiku huu yuko sebuleni anamsimulia Mama kwenye picha habari za dume niliyempoteza.

Jumapili, 27 Aprili

Baada ya ibada, chakula cha pamoja kule ukumbini. Coy akaja na sahani yake mezani kwetu.

"Jana nilisikia jike tamu kweli pale karibu na mwaloni wa radi. Nikanyemelea kidogo, nikasema pengine dume yuko naye. Wapi! Niliambulia mafua."

"Sauti hainyemelewi, Mzee Coy," nikamwambia. Ilitoka kali. "Unajua kabisa huenda ni mwindaji anaita. Na leso nyekundu kama kichwa cha dume, porini mwezi huu!"

"Ee, mama mwalimu!" akacheka, akanipiga bega.

Baba aliacha kutafuna. Akaweka uma chini, akasema kuku ana chumvi. Chumvi ilikuwa sawa.

Jumanne, 29 Aprili

Nilimkuta askari wa wanyamapori kwenye duka la vyakula vya mifugo. Kijana mstaarabu, Pruett, ananiita mama. Nikamuuliza habari za "mtu fulani" ambaye macho yamechoka.

Akanitazama. Nadhani alijua ni nani, huku kila mtu anajua.

"Mama, sheria inataka awe na kibali. Apige dume au mwenye ndevu. Aache saa saba mchana. Asimwage mahindi ya kuwavutia. Macho hakuna anayempima."

"Mpaka akosee?"

"Mpaka akosee. Hapo ndipo mimi naitwa."

Alisema kwa upole, wala si kwa ubaya. Niliendesha gari mpaka nyumbani nikiwa nimekasirika, sijui namkasirikia nani. Kwa hiyo sheria imenyoosha mikono na kazi yote wameniachia mimi, mwenye kufua mashuka!

Ijumaa, 2 Mei

Leo niliamua kumwambia. Nikaoka vile vimkate vyake, nikatia mchuzi wa soseji juu, nikakaa mbele yake. Baba, nikasema.

Akanitangulia. "Unajua, Nedra, isingekuwa msimu huu, ningemfuata mama yako."

Hakusema kwa kujionea huruma. Alisema akikwangua sahani. Ungefanya nini? Nilimwongezea mchuzi.

Kisha nikafanya hivi. Mama alikuwa na debe la maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, alikuwa akiyatengenezea taa za Krismasi. Nikachukua moja, jekundu, safi. Tulipokaa chini ya mwaloni nikalitia kwenye bunduki badala ya risasi nzima. Lile tundu dogo la nyundo kwenye kitako chake, alama ya ganda lililokwisha kupigwa, Baba hawezi kuliona, kikombe chenyewe hakioni. Nikafunga. Sauti ileile, tak.

Akashika bunduki yake, akanusa hewa, akaegemea mti. "Asubuhi nzuri," akasema.

Nilijiona mwizi. Lakini sikuogopa, kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Jumatano, 7 Mei

Kila siku ambayo sina zamu ya asubuhi tunakwenda. Ganda lilelile. Mara mbili amesema maneno matatu, mara mbili nimemwambia jike, Baba, shusha. Ya kwanza ilikuwa kisiki. Anashusha bila ubishi. Zamani angebishana mpaka kanisani.

Amerudi kula. Ananikumbatia tunapotoka msituni, mtu ambaye hakunikumbatia hata siku ya mazishi. Nami namdanganya kila alfajiri kwa ganda la taa ya Krismasi. Mama angesema nini? Pengine angenichagulia ganda zuri zaidi.

Jumapili, 11 Mei

Siku ya mwisho ya msimu. Pia siku ya akina mama, ile ya maua na kadi. Hatukwenda kanisani. Tulipita makaburini kwanza, tukamwekea Mama tawi la maua meupe ya porini, kisha tukaenda kwenye mwaloni.

Asubuhi nzima hakuna kitu. Majani yameshakuwa mazito, huoni mbali. Baba aliita kidogo sana, kama mtu anayebembeleza mtoto. Karibu saa sita dume akaitika bwawani. Kisha karibu zaidi. Kisha kimya, kimya cha ndege anayekuja.

Akatokea. Sijawahi kuona vile. Peke yake, uwanjani, jua limempiga mgongoni mpaka manyoya yanawaka shaba. Hatua ishirini, labda na kidogo. Ndevu zinakaribia kugusa majani. Nyuma yake ni ukingo wa udongo mtupu. Hakuna jike, hakuna mtu. Kama Baba angechora dume wa kutufundishia, angechora huyo.

"Kichwa," akanong'ona. "Ndevu. Nyuma wazi."

Yote matatu kweli! Risasi nzima ilikuwa mfukoni mwangu, naihisi pajani. Ningeweza kusema ngoja. Sikusema. Akavuta nyundo, akalenga, akafyatua.

Tik.

Hakushtuka. Hakuifungua bunduki kuangalia. Hapo ndipo nilipojua kwamba alijua.

Dume akainua shingo, akasimama kidogo, akaondoka zake bila haraka.

"Ganda lililopigwa linanuka, Nedra," Baba akasema. Bado anatazama mbele. "Macho ndiyo yamekwisha. Pua ninayo."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu ile Ijumaa."

Nikamwambia nisamehe, Baba. Akapunga mkono kama anafukuza nzi.

"Alikuwa mzuri?" akauliza.

Nikamweleza. Ndevu, jua, ukingo wa udongo, yote. Alisikiliza kwa kinywa wazi kidogo, kama mtoto. "Mimi niliona weupe tu," akasema. "Weupe na wekundu." Nikamwona anajipa nguvu.

"Na siku ile uliyosema nyoka. Nako niliona weupe na wekundu." Akailaza bunduki majanini. "Alikuwa nani?"

Nadhani alishajua, tangu ile meza ya ukumbini. Nilishika kiganja chake, kile chenye vidole vilivyovimba, nacho kilikuwa baridi na jua lote lile. Tulikaa hivyo mpaka saa saba ilipofika, kwa sababu kabla ya saa saba msimu haujaisha na Baba haondoki. Nilimsikia analia. Hakujificha nami sikugeuka.

Sasa ni alasiri. Bunduki iko hapa mezani mbele yangu, imefunguliwa, na lile ganda jekundu pembeni yake. Ameviweka mwenyewe. Akasema nimpe Pruett, au niiuze, au niitupe mtoni, yeye hataki kujua. Kisha akatoka akakaa kibarazani na kofia yake kichwani.

Nilimwambia si lazima amweleze Coy. Coy hakuona, hakusikia, hajui. Anaweza asijue mpaka anakufa. Yeye mwenyewe alikosea kunyemelea mwito.

"Hilo lake," Baba akasema. "Hili langu."

"Atakuchukia, Baba. Utabaki na nani?"

Akageukia barabara.

Siku ya mwisho ya msimu Coy hutuletea uyoga, kila mwaka, hajawahi kukosa. Pikapu yake naisikia tangu darajani. Sasa imesimama. Kupitia dirishani namwona anashuka, ameinua mfuko juu, anapiga kelele kwamba Verlon leo umerudi mikono mitupu, aibu gani hii! Baba amesimama. Amevua kofia.

Coy anapiga chafya. Anatoa leso. Baba amegeuza kichwa upande, kama anavyofanya siku hizi akitaka kuona kitu, na anaitazama ile leso.