Meja Vedran Kotlar: "Lakini" Tumeliacha Nje ya Mlango

Mwaka umetimia, Vedran, na tarehe ishirini na moja Juni imeingia nyumbani bila hodi. Asubuhi kama hii ulikunywa kahawa ukiwa umesimama, ukambusu mkeo Jagoda kwenye paji la uso, ukamwambia Lucija asimalize cheri zote, ukaenda kurusha ndege. Hukurudi. Cheri zimeiva tena na hakuna aliye na moyo wa kuzichuma.

Wanaokujua kwa mbali wanakukumbuka angani, ukiongoza ndege sita za Mbayuwayu, kikosi cha maonyesho cha jeshi letu, zikipinduka juu ya bahari pamoja kama vidole vya mkono mmoja. Sisi tunakukumbuka jikoni. Unafumba macho, kiganja cha kulia ndicho ndege, unatembea kutoka jiko hadi friji ukiimba amri zako: "Tunavutaaa... sasa!" Binti yako Lucija yuko nyuma yako, naye kafumba macho, yeye ndiye namba mbili. Siku moja mlipindua sufuria ya mboga ya Mama.

"Anga yote hiyo ya Mungu," Mama Tereza akafoka, "na njia mmeiona kwenye chakula changu tu?"

Ulitueleza mara nyingi kwamba wenzako watano hawatazami ardhi wala bahari. Wanatazama bawa lako na kusikiliza sauti yako. Ukirefusha "tunavutaaa", mikono inajiandaa. Ukisema "sasa", yote inavuta usukani na ndege zinainuka. Kiongozi akielekea mlimani, wote watamfuata hadi mlimani. Kwa hiyo, ulisema, kiongozi akiwa na siku mbaya inampasa kuitaja kabla ya kupanda ndege.

Mlangoni mwa chumba mlimokutana kila baada ya kuruka uliweka kapu la babu la kuchumia mizeituni. Kila mtu alibandua cheo chake begani akakitia kapuni, wewe wa kwanza. Ndani hapakuwa na meja wala luteni. Ulianza wewe: "Kosa langu. Nimechelewa nusu sekunde mpinduko wa tatu." Basi, umemaliza. Neno "lakini" lilipigwa marufuku, na aliyelitamka aliwachemshia wenzake kahawa wiki nzima.

Sheria hiyo ukaileta hadi meza ya Jumapili. "Kosa langu," ulisema, "nyama nimeikata nene."

"Kosa langu mimi ni kukuzaa," Mama akajibu. "Kula!"

Pasaka ya mwaka juzi, Duje, namba mbili wako, aliyeruka bawani kwako upande wa kulia, alikuja kazini sikio limeziba, akajikaza kiume. Ulimtazama akimeza mate mara tatu, ikatosha.

"Duje, kaa chini wiki mbili."

"Bosi, naweza."

"Najua unaweza. Ndiyo maana nakuogopa. Angani sitaki shujaa mgonjwa."

Maonyesho mawili mkaruka watano, na hakuna aliyemcheka. Jumapili ukamleta kwetu akala pašticada, ile nyama ya Mama ya kupikwa kwa divai, sahani tatu, jasho likimtoka, na tangu siku hiyo Mama akawa anamwita mwanangu.

Sasa tuseme la siku ile. Wenzako wametusimulia. Mlipanda sita, mkapinduka kileleni, mkaanza kushuka. Ukasema "tunavutaaa". Ukairefusha, ikazidi kurefuka, na "sasa" haikuja. Duje akapiga ukelele: "Tawanyikeni!" Watano wakapasuka kila mmoja na upande wake. Wewe ukaendelea kushuka, hadi baharini.

Wachunguzi walisema ndege ilikuwa nzima, na zaidi ya hapo hawakuwa na la kusema. Midomo ya watu ikajaza pengo. Namba mbili kaogopa, walisema. Namba mbili kamkimbia kiongozi wake.

Siku ya mazishi Duje alikuja kushika jeneza lako upande wa kulia, mahali pake. Mama Tereza akamzuia mlangoni mwa kanisa, kijiji kizima kikisikia. "Miaka minne umekaa bawani kwake. Siku aliyokuhitaji ukatoroka. Ondoka mbele yangu, mwoga wee!"

Duje alikuwa na la kujibu. Hakulisema. Alisema, "Kosa langu, Mama," akashuka ngazi peke yake.

Mkeo Jagoda alisimama hatua tatu kutoka pale, mkono wa Lucija mkononi mwake, na alijua.

Alijua kwa sababu siku tatu kabla, mkitoka kwa Mama, ulilisimamisha gari ghafla kando ya barabara. "Sioni," ulisema. Ilikuwa dakika moja, pengine pungufu. Kisha ukafuta jasho ukacheka.

"Uchovu tu. Usimwambie daktari wa kikosi."

"Vedran, na lile kapu lako? Na sikio la Duje?"

"Wakinishusha leo, hakuna wa kuongoza, na wale vijana wamefanya mazoezi tangu Januari. Maonyesho yakiisha nitamwambia mwenyewe. Niapie, Jagoda."

Akaapa. Tunakupenda, Vedran, na tumekukasirikia, na mwaka mzima hatujaweza kulitenga moja na jingine.

Jagoda alikaa na kiapo hicho tumboni mwake tangu Juni hadi Mei. Alikonda. Alijifunza kuvuka barabara akimwona mtu yeyote aliyevaa koti la kikosi. Usemi wa mtaani ukizidi kumchafua Duje, yeye alizidi kunyamaza, na kila siku aliyonyamaza ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi kesho yake. Mwezi uliopita, wakimenya viazi, alimwambia Mama yote. Mama hakulia. Aliweka kisu mezani akasema, "Niletee viatu. Twende kwa yule mtoto."

Tumekwenda mara tatu kwenye kinu cha mafuta ya zeituni cha mjomba wake, anakofanya kazi tangu alipoacha jeshi. Tukiingia mlango wa mbele, yeye anatokea wa nyuma. Tumeandika barua, imerudi haijafunguliwa. Mara ya tatu mjomba mtu alitusimamisha uani, kofia mkononi.

"Mama Tereza, msijisumbue. Anasema hana uso wa kuwatazama. Jumatatu anaondoka kwenda Ireland, kazi ya ujenzi. Tiketi anayo."

Vedran, tumeishiwa. Tumebaki na gazeti hili tu. Wewe ndiye uliyetuambia, ukicheka, kwamba mama yake Duje huanza gazeti na ukurasa wa marehemu, na huusoma kwa sauti akikaanga mayai, mtu atake asitake. Mama Duje, tunakushika miguu. Punguza moto wa jiko. Soma polepole, mlango wa chumba cha mwanao ukiwa wazi.

Jagoda ameomba yaandikwe kama alivyoyasema mezani kwetu: "Kosa langu. Nilijua Vedran anaumwa, sikumwambia daktari. Kosa langu la pili. Nilimwona Duje akifukuzwa kwa jambo nililolijua mimi, nikanyamaza mwaka mzima." Tulingoja aongeze sababu. Hakuongeza.

Mama Tereza alisema akiwa amesimama: "Kosa langu. Akina mama watano walipikia watoto wao chakula usiku ule kwa sababu ya sauti ya yule kijana. Mimi nilimwita mwoga mlangoni mwa kanisa."

Ungekuwepo ungeanza wewe, maana kiongozi ndiye huanza. Kwa kuwa hupo tunakusemea, na utusamehe: kosa lako, Vedran, ulificha.

Misa ya kukuombea ni Jumapili hii saa nne asubuhi, kanisa la Mtakatifu Roko, na baadaye chakula nyumbani. Kapu lako litakuwa mlangoni. Wenzako wanne wameahidi kuja. Kiti cha kulia kwa kiti chako kitakuwa wazi, na Mama ameapa kwamba hatampakulia mtu mpaka kikaliwe, hata pašticada ikigandia sufuriani. Unamjua, atalitimiza neno lake.

Wanaokulilia: mkeo Jagoda, mama yako Tereza, dada yako Nediljka aliyeandika haya, na binti yako Lucija. Lucija bado hutembea jikoni akiwa amefumba macho, kiganja mbele. Husema "tunavutaaa", kisha husimama katikati ya sakafu akingoja, na kati yetu hakuna anayeweza kummalizia.

Hatutakusahau, Vedran, si leo wala siku yoyote tutakayojaliwa.

Duje, mwanetu: sasa.